Mgongo wa Stafu

Kwanza niseme hivi, maana watu wa Mugango midomo yao haina breki: mimi sikumdanganya mama mkwe wangu hata siku moja. Nitafutieni mtu mmoja aliyenisikia nikisema nina kazi ya ofisi. Hayupo. Fulana ndiyo iliyosema. Mimi nilinyamaza tu, na kwetu kunyamaza mbele ya mama mkwe ni adabu.

Naitwa Renatus. Kazi yangu ni uvuvi, na ndiyo kazi ya baba yangu. Darasa la saba nilimaliza, ila Kiingereza nilikiacha hukohuko darasani, na sijawahi kurudi kukifuata. Mwaka tisini na moja nilipeleka sangara wakavu gulioni Bunda. Mitumba ilikuwa imeshamwagika kila mahali, watu waliozoea kuvaa viraka walikuwa wanachagua rangi. Kija, Msukuma mmoja mwenye maneno mengi, alikuwa amesimama juu ya belo la nguo. Akanirushia fulana ya bluu iliyokolea. Mbele haikuwa na kitu. Mgongoni ilikuwa na herufi nyeupe kubwa, kutoka bega hadi bega: STAFF.

Nikamuuliza maana yake nini.

"Ni Kiingereza hicho, ndugu yangu," akasema. "Kitu cha Kiingereza hakinaga hasara."

Nikampa sangara watatu. Niliivaa palepale, kwa sababu shati nililokuja nalo lilikuwa limebakiza kola na vifungo viwili.

Siku hiyohiyo, kwenye basi la kurudi Musoma, kondakta alinigusa bega kwa nyuma. "Stafu, kaa mbele na dereva." Nikakaa. Tulipofika nikaingiza mkono mfukoni, akanitolea macho kama nimemtukana. "Stafu halipi nauli. Unanitania?" Nikashuka na nauli yangu mfukoni. Nikajiambia, kumbe ni neno zuri hivi, na walimu wetu walikuwa wanatuficha.

Wiki iliyofuata nikaenda Musoma mjini kumwona bibi yangu aliyelazwa. Muda wa kuona wagonjwa ulikuwa bado, getini watu wamejaa. Mimi kusubiri sikuumbiwa. Nikageuka kwa hasira niondoke, ndipo mlinzi akauona mgongo. "Wewe stafu, mbona unapanga foleni na wageni? Pita." Nikapita kifua mbele. Sijamaliza hatua kumi, nesi mmoja akaniita, "Stafu, shika huku." Huku kwenyewe kulikuwa na machela, na juu yake baba mmoja mnene kweli. Tulimpeleka wodi ya kwanza, tukaambiwa siyo, tukampeleka ya pili. Bibi nilimwona jioni, kiuno kinaniuma. Akaniuliza mgonjwa ni nani kati yetu.

Halafu Kitaji, mtaa mmoja wa Musoma mjini, kwenye harusi ya rafiki yangu. Nilikuwa mwalikwa halali, na sahani sita za zawadi nimezifunga vizuri. Nikaishia nyuma ya turubai nalinda kreti za soda, kwa sababu mama mmoja wa kamati alinisoma mgongo akasema stafu wanakula mwisho. Huo mwisho ulikuwa mchuzi na mfupa. Nilikasirika mpaka machozi yakanilenga, lakini soda haikupotea hata moja.

Na shule moja huko Kiriba nilikokwenda kuwauzia walimu samaki, mwalimu mkuu alinipokea kwa mikono miwili. Akanikaribisha kwenye chumba chenye neno lilelile mlangoni, nikanywa chai ya maziwa. Kisha akaniuliza kama mimi ndiye niliyetumwa kuangalia vyoo. Nikamwambia nimekuja na samaki. Akacheka, akasema watu wa ukaguzi wana mbinu. Basi nikaangalia vyoo. Nikamwambia ukweli wangu wote, kwamba hata kambare asingekubali kuishi mle.

Ndivyo ilivyokuwa. Neno moja, na kila mtu alikuwa na lake kichwani. Kwenye basi ni kutolipa, hospitali ni kubeba, harusini ni kula mwisho, shuleni ni chai na vyoo. Mimi kazi yangu ilikuwa kugeuka tu.

Sasa tuje kwa Euphrasia, maana haya yote yasingekuwa na maana bila yeye. Euphrasia alikuwa anakuja mwaloni kwetu, pale mitumbwi inaposhusha samaki, kununua dagaa, anawapeleka Butiama kuuza. Ulimi wake ulikuwa mkali kuliko wangu, na ndicho kilichonimaliza. Nilipomwambia nataka kumuoa, aliendelea kupepeta dagaa.

"Mama yangu hatanipa kwa mvuvi," akasema. "Hatanipa kwa mfugaji wala kwa mkulima. Mama anataka mtu wa kazi."

"Kuvua siyo kazi?"

"Kwa mama kazi ni ile yenye mlango."

Nilidhani ananitania. Akanieleza. Mama yake, jina lake Dafroza, alikuwa mjane. Ng'ombe wake kumi na mmoja walichukuliwa na wezi asubuhi moja, na tangu siku hiyo alisema mahari yenye miguu haitaki. Kabla ya hapo, miaka ile ya shida, alikuwa kibarua kwenye kinu kimoja cha pamba Bunda. Alikuwa anafagia pamba iliyomwagika uani. Wakati huo sabuni haikuwepo dukani, watu tunafua kwa majani ya mpapai. Lakini pale kinuni kulikuwa na mlango mmoja wa kijani. Kila mwisho wa mwezi wenye ajira walikuwa wanaingia mikono mitupu na kutoka na miche ya sabuni na sukari ndani ya karatasi. Mama Dafroza akajipanga nao siku moja. Karani akamwonyesha neno lililoandikwa mlangoni, akamwambia wewe ni kibarua, neno hili halikuhusu. Yeye kusoma alikuwa amejifunzia elimu ya watu wazima. Akalisoma lile neno herufi moja moja, akarudi kwenye ufagio wake.

Unaelewa sasa? Mimi sikuelewa siku hiyo. Nilichosikia ni kitu kingine alichomalizia Euphrasia, kwamba yupo Bernado, karani wa kinu hichohicho, na yeye anakuja kujitambulisha Jumapili ijayo. Mimi Renatus, nipoteze mwanamke kwa sababu ya mlango.

Nikaenda kwa baba yangu mdogo, mzee Keraryo, nikamwomba awe msemaji wangu. Jumapili hiyo tukafika Butiama sisi na upande wa Bernado kwa pamoja, jambo ambalo lilikuwa aibu kwa wote, lakini hakuna aliyekubali kurudi.

Hapa lazima uijue desturi yetu. Mwanaume hamwangalii mama mkwe usoni, wala mama mkwe hamwangalii yeye. Wakikutana njiani, mwanaume anatoka njiani na kugeuza mgongo mpaka mama apite. Hata siku ya kujitambulisha, wazee wanaongea, na wewe unasimama kando umewapa mgongo. Basi mimi na Bernado tukasimama kando ya zizi lililokuwa tupu, tunaangalia magome ya nguzo zake. Yeye alikuwa amevaa shati jeupe la mikono mirefu, na kalamu mbili mfukoni mwa kifua. Kifua chenyewe kilikuwa kinatazama zizi. Mgongoni kwake hakukuwa na kitu, ila jasho.

Mimi nilikuwa na fulana yangu. Naapa sikuivaa kwa hila. Ndiyo ilikuwa nguo yangu nzuri.

Nyuma yangu nikasikia sauti ya mama inasoma polepole, herufi moja moja, hadi mwisho. Kisha ikasema, "Mzee Keraryo, huyu wa bluu."

"Ndiyo, mama Euphrasia," Keraryo akaitikia. "Niseme anatoka wapi na anafanya..."

"Usiseme. Watu wa neno hilo hawaulizwagi."

Bernado akakohoa. Alikuwa na barua ya ajira mfukoni, nyuma ya zile kalamu, lakini angeitoaje bila kugeuka? Nilimhurumia kidogo. Kidogo sana.

Masharti yakawa mepesi mpaka Keraryo akaogopa. Ng'ombe hakutaka. Alitaka miche miwili ya sabuni kila mwezi, ile ya stafu. Nikakubali. Euphrasia alinivizia kwenye njia ya kutoka, akanipima kwa macho juu mpaka chini. "Mimi sijakwambia uivae, na sitakwambia uivue," akasema. "Ila ukinikosa utajijua mwenyewe."

Miezi saba nilipeleka sabuni. Nilikuwa nafika Butiama, naweka miche juu ya jiwe, nageuka, naye anatoka kuichukua. Tulikuwa tunasalimiana hivyohivyo, yeye anausalimia mgongo na mimi nalisalimia zizi. Sabuni yenyewe wakati huo ilikuwa kila meza ya gulio. Mimi nilikuwa nainunua Bunda, na sasa nikwambie nilikuwa nainunua kwa nani. Wiki chache baada ya Jumapili ile kinu kilipunguza wafanyakazi, kisha kikafungwa kabisa, na Bernado pesa za kuachishwa kazi akafungulia kibanda. Alikuwa anauza sabuni, chumvi na viberiti. Mwezi wa kwanza aliniuzia bila kunijua, kwa sababu siku ile ya zizi hakuuangalia uso wangu, aliuona mgongo tu nikiondoka. Mwezi wa saba nilikuwa nimevaa fulana, nikageuka kuondoka akiwa ananiangalia.

"Simama," akasema. "Wewe ndiye mgongo ule."

Nikasimama.

"Stafu wa wapi ananunua sabuni kibandani kwangu?"

Kanisani ndoa yetu ilikuwa imeshatangazwa mara mbili. Jumapili ya tatu padri angeuliza kwa mara ya mwisho kama kuna mwenye kizuizi. Bernado hakungoja Jumapili. Kesho yake asubuhi alikuwa Butiama, akamwambia mama Dafroza kwamba yule mtu si stafu wa popote, fulana ni ya mtumba.

Mama hakubishana naye. Alichukua mwavuli wake, akamwambia Euphrasia twende. Haya yaliyofuata nimesimuliwa na Euphrasia, tena alikuwa anacheka mpaka anashika ukuta.

Safari zote za fulana nilikuwa nimemsimulia Euphrasia, kwa hiyo yeye ndiye aliyeongoza njia. Wakaanzia kwa kondakta. "Stafu wa bluu?" akasema. "Mwenzetu huyo." Wakaenda hospitali. Mlinzi akasema anamjua, anabeba wagonjwa, ni hodari, ila siku hizi hamwoni, labda wamembadilishia zamu. Kule Kitaji mama wa kamati akasema vijana waaminifu wamebaki wachache, yule alilinda soda zao kama mboni ya jicho. Wakafika mpaka Kiriba. Mwalimu mkuu akawashika mkono, akawapeleka nyuma ya shule kuwaonyesha vyoo vipya. "Tangu alipotusema yule bwana," akasema, "hatukulala."

Mama Dafroza akakaa kwenye jiwe, akavua viatu. "Ana kazi nne," akamwambia Euphrasia. "Mwanangu, utaolewa na mtu asiyepumzika."

Kisha akaanza kuvaa viatu tena. "Lakini wote wanasema anakujaga," akasema. "Hakuna aliyesema anakaaga wapi."

Wakaja kwetu Mugango.

Mimi nilikuwa mwaloni nashona wavu. Nilikuwa nimeifua fulana, imeanikwa kwenye kamba, na mimi kifua wazi natazama ziwa. Mzee Keraryo alikuwa karibu yangu. Ghafla nikamwona anasimama, anavua kofia. Nikajua nani yuko nyuma yangu. Sikugeuka. Ningegeukaje?

"Umeshindaje, mzee Keraryo," sauti ikasema.

"Salama, mama Euphrasia. Karibuni. Hapa hatuna hata kiti."

"Sikuja kukaa. Niulizie huyo mgongo, sabuni inatoka wapi."

Keraryo akanigeukia, eti mimi sijasikia. "Unaulizwa sabuni inatoka wapi."

Nilikuwa nafunga fundo moja, nikalifunga mara tatu. Nilimwona Euphrasia anaondoka kwangu, namwona kabisa, na dagaa wake kichwani. Nikaona niseme, iwe iwavyo.

"Mwambie mama inatoka ziwani," nikasema. "Navua, nauza, nanunua. Mimi si stafu. Sikuwahi kuwa stafu. Nilimpenda binti yake nikaogopa kufungua mdomo."

Mawimbi madogo yanakuja yanarudi. Nilitamani ziwa linimeze, na mimi si mtu wa kusema hivyo ovyo.

"Mwambie nilijua," mama akasema. "Siyo yote, lakini bega nililiona. La kulia limeshuka kuliko la kushoto. Tangu siku ya kwanza nilijiuliza ni ofisi gani inamshusha mtu bega namna hiyo. Halafu nikalisoma lile neno, nikanyamaza. Na mimi nilinyamaza, mwambie."

Keraryo akafungua mdomo anieleze, nikamwonyesha kwa mkono kwamba nimesikia.

"Sabuni ananunua kwa nani?"

"Kwa Bernado, mama," nikajibu mwenyewe.

"Bernado huyuhuyu aliyekuja kumchongea?"

"Huyohuyo. Ana kibanda."

"Yule alikuwa anaingia kwenye mlango wa kijani," mama akasema, na sauti yake ikawa ndogo. "Nilikuwa namwona kila mwezi. Alikuwa anatoka na sabuni, ananiruka na ufagio wangu. Sasa anakaa juani anauza sabuni hiyohiyo kwa mvuvi?"

"Wote wamepunguzwa, mama," nikasema. "Mlango ule hauna mtu tena."

Nikasikia hatua. Zilikuwa zinakwenda kwenye kamba. Nikasikia pini zinachomolewa, moja, mbili.

"Mzee Keraryo, fulana nimechukua. Ndoa isimame kwanza. Kuna mahali nataka kwenda, nikirudi nitasema."

Siku nne zile sikula. Samaki walikuwa wanaingia wavuni na kutoka, sikujali. Watu wa mwaloni walianza kuniita stafu kwa sauti ya kunikejeli, na mmoja nilimrushia kasia. Halikumpata, bahati yake.

Alhamisi mama Dafroza akaenda Bunda na Euphrasia. Alivaa fulana yangu juu ya kitenge. Kinu kilikuwa kimekufa, majani yameota uani pale alipokuwa anafagia. Getini kulikuwa na askari mzee na rungu lake, amewekwa kulinda mashine zilizobaki. Akauliza mnataka nini. Mama akamgeuzia mgongo, akasimama hivyo amsome.

"Pita, mama," askari akasema.

Akapita. Mlango wa kijani ulikuwa na lile neno bado, rangi imebanduka. Akausukuma. Ndani kulikuwa na meza moja, kiti kimoja, na kalenda ya mwaka tisini na moja. Mama akakaa kwenye kiti. Akamwambia Euphrasia afunge mlango, yeye akiwa ndani. Euphrasia akafunga, akasimama nje kama alivyosimama mama yake miaka tisa kabla ya hapo, na anasema pale hakucheka. Baada ya muda mlango ukafunguliwa. Mama alikuwa anajipangusa uso kwa upindo wa kitenge.

"Kuna nini humo, mama?"

"Kuna joto," mama Dafroza akasema. "Miaka yote hii nilikuwa najiuliza. Kuna joto tu."

Wakapitia kwa Bernado wakanywa maji. Kisha akatuma ujumbe kwa mzee Keraryo, na Keraryo akaja kuniambia mwaloni akikimbia, mtu wa miaka sitini. Ujumbe ulikuwa hivi: mahari nimeshavaa. Padri atangaze mara ya tatu. Sabuni iendelee, na ile ya Bernado inatoa povu kidogo, atafute nyingine.

Bernado alikuja harusini. Alileta katoni nzima ya sabuni. Alisema mteja wa kila mwezi hapatikani kirahisi, nikamshika mkono, na yakaisha. Na makondakta wa Bunda hadi leo hawamtozi mama mkwe wangu nauli, na mimi wananitoza.

Siku ya ndoa niliingia kanisani na suti ya kuazima. Mama mkwe alikuwa amekaa mbele kabisa, kitini kwa wazazi, amenipa mgongo. Nilikuwa simjui uso, na simjui hata sasa. Lakini nilipotembea kwenda altareni nikaziona zile herufi nyeupe, zimenyooka kutoka bega hadi bega. Nikasoma moja moja, kama alivyosoma yeye. Kisha nikasimama nyuma yake kidogo kwa heshima, mpaka padri akaniita nisogee.